Kayaki Ziwa Chala ruksa, vifaranga vya sato hapana

Leo tunaacha migomba na mahindi kidogo, tunashuka bondeni mpaka Ziwa Chala. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa na mada. Sijaishiwa. Swali hili nimeulizwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara ya mwisho limenikosesha usingizi, hivyo nimeona nilijibu hapa mara moja tu, kila mtu asome.

Ilikuwa siku ya soko hapa Mkuu. Wakaingia ofisini vijana watatu, wanajieleza vizuri, wana daftari lao la kikundi na katiba imeshagongwa muhuri. Mmoja amewahi kufanya kazi na watalii, akawaona wakipiga makasia Chala kwenye kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki vya kukaa mtu mmoja au wawili. Akawaza: kwa nini sisi wenyeji tusinunue kayaki mbili, tukawa tunapeleka wageni kuvua kwa ndoana? Hasa Desemba, ndugu zetu wanaporudi kutoka Dar, Arusha na Nairobi, wana hela na watoto, na wakishamaliza kula ndizi na kunywa mbege siku mbili hawajui pa kwenda.

Kiukweli nilifurahi. Ni mara chache kijana anakuja na wazo ambalo halianzi na kuomba mkopo. Tukapiga mahesabu kidogo, nikawapa maneno mawili matatu kuhusu leseni.

Halafu yule mwenye daftari akasema, "Sasa bwana shamba, tatizo samaki wa Chala ni wadogo wadogo. Tunaomba utuunganishe na mtu wa vifaranga vya sato, kama elfu tano hivi. Tunamwaga ziwani, baada ya mwaka mgeni akitupa ndoana anatoa samaki wa kilo."

Nikaweka kalamu chini.

Msimamo wangu ni huu: kayaki na ndoana Chala naziunga mkono kwa mikono miwili. Vifaranga vya sato, au vya samaki mwingine yeyote kutoka nje, visiguse yale maji. Hata kimoja. Naomba mnivumilie nieleze sababu, maana wale vijana walitoka wamenuna, na sitaki na wewe ununike.

Ziwa lisilo na mlango

Wengi tumezaliwa karibu na Chala lakini hatulijui. Ni shimo la volkano lililojaa maji, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake: nusu yetu Rombo, nusu ya wenzetu wa Taveta. Eneo lake ni kama kilomita 4 za mraba tu, lakini kina kinafika karibu mita 90. Hakuna mto mkubwa unaoingia wala unaotoka. Maji yake mengi ni ya mvua inayonyesha mlimani, ikapenya ardhini na kutokea kule chini. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Mkuu anasema Chala haimhusu, mwambie mlima wake ndio unaolijaza.

Sasa fikiria maana yake kwa samaki. Mtoni, samaki akizidiwa anapanda juu au anashuka chini. Kwenye ziwa kubwa anahamia ghuba nyingine. Chala hana pa kwenda. Ni sawa na zizi lenye ukuta pande zote. Ukiingiza fahali mkali humo, yule ndama wa mwanzo atakimbilia wapi?

Na kuna jambo jingine. Perege na jamaa zake hupenda kula na kuzaa pembezoni, penye kina kifupi na jua linapofika chini. Kingo za Chala zimesimama kama ukuta wa nyumba. Ukanda huo wa pembeni ni mwembamba sana. Ziwa linaonekana kubwa ukiwa juu, lakini sebule ya samaki ni ndogo.

Samaki aliyewapa sato jina

Hili ninalosema sasa nililisoma siku moja nikarudia mara mbili, sikuamini.

Kitaalamu sato anaitwa Oreochromis niloticus. Hilo neno la kwanza, Oreochromis, ni kama jina la ukoo, na linabebwa na karibu perege wote tunaowafuga kwenye mabwawa, kuanzia hapa mpaka China na Brazili. Limetoka wapi? Mwaka 1889 mtaalamu wa samaki wa London, Albert Günther, aliandika habari za samaki waliochukuliwa kutoka Ziwa Chala, akawatungia jina jipya la ukoo. Mwanzo wa jina hilo ni neno la Kigiriki lenye maana ya mlima. Yaani ni samaki wa mlimani, na mlima wenyewe ni Kilimanjaro. Yule wa Chala akaitwa Oreochromis hunteri, na ndiye kielelezo cha ukoo mzima.

Kwa lugha ya kwetu: sato wote duniani wanabeba jina walilolipata kwa samaki wa Rombo. Mwenye jina yupo hapa bondeni, haishi kwa asili mahali pengine popote duniani, na sisi tunataka kumletea watu wa ukoo wake kutoka mbali waje wamfukuze kwake.

Shirika la kimataifa linaloorodhesha viumbe walio hatarini, IUCN, limemuweka samaki huyu katika kundi la juu kabisa la hatari kabla ya kutoweka porini. Hapo kwenye orodha yuko sawa na faru mweusi. Tofauti ni kwamba faru ana askari na bunduki. Huyu wetu hana hata kibao kimoja kando ya njia.

Wageni wameshaingia tayari

Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye maji mambo huenda kinyume: mgeni anakuja, mwenyeji anaugua.

Chala imeshaonja. Watafiti wamekuta humo perege wa aina mbili ambao si wa pale. Mmoja ni yule mwenye kifua chekundu, mla majani, anayejulikana kwa wataalamu kama Coptodon rendalli. Mwingine ni Oreochromis korogwe, ambaye jina lake linakuonyesha kwao ni wapi. Hawa hawakuota mbawa wakaruka kutoka bonde la Pangani. Kuna mtu aliwabeba, na ukiniuliza mimi, alikuwa na nia njema kama vijana wangu wa daftari.

Mkulima atanielewa nikisema hivi. Una mahindi yako ya kienyeji, yale ya babu, umeyatunza miaka thelathini. Jirani anapanda chotara kando ya mpaka wako. Hajakuibia, hajakutukana. Lakini upepo unavuma, mbelewele zinapeperuka, na ukichagua mbegu mwaka huu, mwaka kesho, mwaka keshokutwa, unakuta magunzi yenye rangi mbili. Msimu wa nne huna tena mbegu ya babu. Samaki wa ukoo wa Oreochromis wako hivyo hivyo: aina mbili tofauti zikikutana majini huweza kuzaana. Mwenyeji anaweza kupotea bila hata mzoga mmoja kuelea. Anapotea ndani ya damu.

Na usidhani hili ni la Chala peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na wataalamu wa Tanzania na Uingereza ulionyesha kwamba sato na perege wengine wa kupandikizwa wameenea kwenye mabonde mengi ya mito ya nchi hii, kwa sababu ya miaka mingi ya watu kuwahamisha kwa makusudi. Kwa makusudi, ndugu zangu. Serikali za zamani zilifanya, miradi ilifanya, na sisi maofisa ugani tumefanya.

Nimefanya na mimi

Niseme ukweli wangu, maana nikiwanyooshea kidole vijana halafu nikanyamaza habari zangu nitakuwa mnafiki.

Nilipomaliza diploma, kituo changu cha kwanza kilikuwa mbali na hapa. Tulipata vifaranga vya sato kwa ajili ya mabwawa ya kikundi. Mabwawa yakajaa, vikabaki vingi kwenye mifuko, hewa inakwisha, jua linachoma. Mzee mmoja akauliza tuvifanyeje. Nikasema vimwageni kwenye lile lambo la asili pale chini, msivipoteze. Walinipigia makofi.

Kwenye lambo lile kulikuwa na visamaki vidogo vyenye madoa ambavyo watoto walikuwa wanavua kwa chandarua na kukaanga jioni. Niliporudi baada ya miaka minne nikawauliza watoto. Mmoja akanijibu, "Vile vya zamani havipo siku hizi, kuna sato tu." Na sato wenyewe walikuwa wamedumaa, vidole vitatu, wamezaana kupita chakula kilichopo. Nilichopoteza sijui hata kilikuwa kinaitwaje. Sikukiandika, sikukipiga picha. Hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niweke kalamu chini siku ile.

"Lakini Victoria mbona walipandikiza na watu wanakula?"

Swali hili lilikuja papo hapo, na ni swali zuri.

Ni kweli. Miaka ya 1950 na 1960 sangara na sato walipandikizwa Ziwa Victoria. Miaka ya 1980 sangara akalipuka, viwanda vya minofu vikajengwa, watu wakapata ajira na nchi ikapata fedha za kigeni. Sibishi. Ila uliza wazee wa Mwanza na Musoma kuhusu ngege. Ngege ndiye aliyekuwa perege mwenyeji wa Victoria, mtamu, samaki wa heshima mezani. Leo kwenye ziwa kubwa lenyewe huwezi kumtegemea hata kwa kitoweo cha siku moja. Furu nao, waliokuwa aina mamia, wengi wao walipotea.

Victoria ni kilomita za mraba karibu 68,000. Lina visiwa, ghuba, mabwawa ya pembeni ambako ngege wachache waliweza kujificha. Chala ni kilomita 4. Kama ziwa kubwa vile lilipoteza wenyeji wake, hili bakuli letu litabakiza nini?

Tena hata hiyo faida ya uzito haina uhakika. Ng'ombe hawanenepi kwa sababu umeongeza idadi kwenye malisho yale yale. Sato elfu tano wakiingia Chala hawaji na chakula chao mfukoni. Watakula kile kile cha ukanda ule mwembamba, watazaana, na uwezekano mkubwa watadumaa kama wale wa lambo langu. Mgeni wako wa Desemba atatoa samaki wa vidole vitatu, na mwenyeji wa tangu enzi atakuwa ameondoka.

Kwa nini kayaki naikubali

Sasa turudi kwenye sehemu nzuri ya wazo la vijana.

Uvuvi unaoharibu ziwa dogo ni ule usiochagua: kokoro linalokokotwa mpaka pwani na kubeba mama, mtoto na mayai, nyavu za macho madogo, timba. Kayaki ina udhaifu mmoja mzuri sana. Haiwezi kuvuta kokoro. Mtu mmoja, kasia moja, mshipi mmoja, ndoana moja. Samaki anatoka mmoja mmoja, yuko hai mkononi mwako, na wewe unaamua: huyu ndani, huyu arudi. Haina injini, haimwagi mafuta. Na ni nyepesi, jambo ambalo mtu aliyewahi kushuka zile kingo za Chala akiwa na mzigo kichwani atalielewa bila maelezo.

Wenzetu wa jimbo la Maryland, Marekani, wana ghuba kubwa ya Chesapeake ambako maji ya bahari hupanda na kushuka kwenye mito. Yuko samaki wao mmoja wa njano mwenye michirizi myeusi ubavuni, na mwisho wa majira ya baridi hupanda kwenye mito hiyo kwenda kutaga. Watu humfuata kwa kayaki na ndoana, kwenye baridi kali kabisa. Samaki huyo aliwahi kupungua mpaka baadhi ya mito ikafungwa kwa miaka mingi asivuliwe. Leo anavuliwa kwa kipimo: inchi 9 kwenda juu, kumi kwa mtu kwa siku. Mvuvi anakaa na rula kwenye kayaki yake. Akipungua nusu inchi, anarudishwa. Samaki ni wa kwao wenyewe, na hicho ndicho kinachowavuta wavuvi. Mtu anasafiri kumfuata samaki wa mahali pale.

Hapo ndipo biashara ya vijana wangu ilipo, kama wangeiona. Sato mgeni atamvua popote, hata kwenye bwawa la mjomba wake Kibaha. Lakini samaki aliyeupa jina ukoo mzima, unamshika mkononi kwenye ziwa lake pekee duniani, unapiga naye picha, unamrudisha kwa upole, huo ni utalii ambao hakuna mwingine anaweza kuuza. Na anayetaka kula, ale yule mgeni mwenye kifua chekundu. Kila mmoja anayetolewa ni nafasi kidogo kwa mwenyeji. Mteja anakula, ziwa linapumua.

Masharti yangu kwa kikundi chochote

Kwanza, leseni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009 zinamtaka mvuvi awe na leseni na chombo kisajiliwe. Pitieni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri kabla hamjanunua kayaki, msije mkanunua ndipo mkaanza kuuliza. Mkumbuke pia ziwa ni la nchi mbili, msije mkavuka mpaka mkifuata samaki.

Pili, hakuna samaki hai anayeingia ziwani. Si vifaranga, si chambo. Chambo kizuri mnacho nyumbani: nyungunyungu wa kwenye samadi ya kihamba, au donge dogo la ugali mgumu. Perege ana mdomo mdogo, tumieni ndoana ndogo.

Tatu, zile ncha ndogo za nyuma ya ndoana, zile zinazozuia kuchomoka, zibaneni kwa koleo zilale. Samaki anachomolewa bila kuchanika. Lowesheni mikono kabla ya kumshika. Mkono mkavu unamvua ute wake na kumwachia maradhi.

Nne, mjifunze kutambua. Kifua chekundu, ndani ya ndoo. Wale wa ukoo wa Oreochromis wanafanana sana na wengine huenda ni chotara, hivyo ukiwa na shaka rudisha. Na ukimwona jike mwenye koo lililovimba, rudisha haraka: hao hulea mayai na watoto mdomoni. Ukimuua mmoja umefunga nyumba nzima.

Tano, kayaki iliyotoka Jipe au Nyumba ya Mungu isiingie Chala ikiwa mbichi. Isugueni, mwageni maji yote yaliyobaki ndani, ianikeni juani siku mbili kamili. Magugu na mayai ya viumbe husafiri kwenye tone la maji na kipande cha jani.

Sita, usalama wa watu. Kila aliye kwenye chombo avae jaketi la kujiokolea, hata kama anajisifu kuogelea. Mwaka 2002 binti mgeni aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya aliuawa na mamba, kwa hiyo msiniambie habari za mamba ni hadithi za bibi. Hakuna kuogelea, hakuna kuning'iniza miguu, na msifunge samaki kwa kamba wakaelea ubavuni mwa kayaki, huko ni kumwita mamba kwa jina. Tokeni asubuhi, upepo ukiamka mrudi. Ukuta wa Chala hauna mahali pengi pa kutokea.

Na sato je?

Sijakataa sato. Mimi mwenyewe nahamasisha ufugaji wa samaki kila wiki. Sato mahali pake ni bwawani.

Najua kinachowasukuma vijana kuangalia ziwa. Huku juu, Juni mpaka Agosti baridi inauma, na sato anakula vizuri maji yakiwa nyuzi 25 mpaka 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kwa kusita na anakua taratibu. Maji nayo Rombo ni ya kugombania. Ndiyo maana ziwa lililojaa, lenye joto, la bure, linaonekana jibu.

Jibu ni bwawa dogo kwenye mashamba ya chini, penye joto, mbali na mkondo wowote wa maji. Mita 10 kwa 15 zinatosha kuanzia. Kina mita moja hadi moja na nusu. Weka vifaranga 3 mpaka 5 kwa kila mita ya mraba, yaani 450 hadi 750 kwa bwawa hilo, na nunua vya dume tupu ili wasizaane na kudumaa. Tuta liwe juu kuliko maji ya masika. Bomba la kutolea maji liwe na wavu wa macho madogo, na ulikague kila mvua kubwa. Maji ya bwawa, unapolikausha, yaelekeze kwenye migomba au mboga. Ni mbolea nzuri, yasiende korongoni. Na vikibaki vifaranga kwenye mfuko, mpe jirani mwenye bwawa. Akikosekana, kaanga. Kifaranga cha shilingi mia chache kikifa umepoteza mia chache. Kikimwagwa ziwani hakuna hela itakayokirudisha mfukoni.

Neno kwa wazee na viongozi

Wazee wetu walikuwa na hadithi za Chala, za kijiji kilichozama na sauti za ng'ombe zinazosikika kutoka chini ya maji. Tulizicheka tulipofika sekondari. Siku hizi nadhani zilikuwa na kazi yake: mtu alifika kando ya ziwa lile akashusha sauti. Sisi wa diploma tumeondoa hofu, hatujaweka kitu mahali pake.

Naomba vijiji vinavyozunguka ziwa, pamoja na wenzetu wa Taveta, wakae na kuandika jambo moja tu kwenye sheria ndogo: hakuna kuleta samaki. Liandikwe kwenye kibao, kwa Kiswahili, pale njia inapoanza kushuka. Kibao cha mbao ni bei ndogo. Na walimu wa shule za jirani wawafundishe watoto kwamba kuna samaki wa kwetu ambaye dunia nzima imemwazima jina.

Wale vijana watatu walirudi juzi. Hawakuwa na daftari, walikuja na swali. Yule mkubwa wao akaniuliza, "Bwana shamba, huyo samaki mwenye jina lake, tukimpata tutamjuaje?" Nikafungua picha, tukakaa saa nzima. Jumamosi tunashuka pamoja kuongea na wavuvi wa mitumbwi wanaolijua ziwa kuliko mimi. Kayaki bado hawajanunua, ila wameshafuta mstari wa vifaranga kwenye bajeti.

Mwenye bwawa, mwenye mpango wa bwawa, au anayejua mtu mwenye ndoo ya vifaranga njiani kuelekea Chala, anipitie ofisini Mkuu mapema. Huyo wa mwisho aje kabla hajafika.